Waliolamba Ulinzi Wao

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hapana. Mnaitikia kama kuku wenye mafua. Wekeni hayo mahindi chini kidogo, mtapukuchua baadaye. Baba Shomari, na wewe tema huo muwa. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sasa. Leo nawaongezea itikio jingine. Nikiuliza, "Mzinga waimbaje?" nyinyi mtajibu, "Vuuuuu!" Wakubwa kwa wadogo, asiachwe mtu. Haya, mzinga waimbaje?

Vuuuuu!

Safi. Msilisahau, tutalihitaji.

Hapo zamani za kale palikuwa na bonde. Bonde lenye maji, lenye majani, lenye kivuli. Humo waliishi swala, waliishi digidigi, waliishi kanga, waliishi pimbi. Wote watu wa kutafuna majani na kudonoa punje. Mtemi wao alikuwa Ngiri. Ngiri peke yake ndiye aliyekuwa na meno yaliyochomoza nje, na wanyama walipoona meno wakampa utemi. Hawakuangalia sana kilichokuwa nyuma ya meno.

Siku hizo Ngiri alikuwa na uso laini kama yai. Shikeni hilo. Uso laini, hauna hata kipele.

Ng'ambo ya mto waliishi fisi. Fisi walikuwa na meno, walikuwa na njaa, na walikuwa na kicheko. Hi-hi-hiii! Na mto wenyewe haukuwa mto wa kumzuia mtu. Maji yalifika magotini tu.

Sasa niulizeni, mbona fisi hawakuvuka? Nyama iko ng'ambo, maji ya magotini, mbona hawakuvuka?

Waliogopa mizinga.

Juu ya kivuko palikuwa na mwamba mrefu, na juu ya mwamba huo wazee wa zamani walipanga mizinga ya nyuki. Magogo yaliyotobolewa ndani, kila gogo lina kizibo. Adui akivuka, mlinzi anang'oa vizibo. Basi. Kazi iliyobaki ni ya nyuki. Mzinga waimbaje?

Vuuuuu!

Lakini wazee wale hawakuwa wajinga. Walipomaliza kuipanga mizinga waliwaita wote, wakasema: "Nyuki hana jirani. Akitoka hachagui huyu fisi, huyu swala. Siku tutakayong'oa vizibo, fisi atalia na sisi tutalia. Mizinga hii tunaitunza ili isifunguliwe. Mmesikia?"

"Tumesikia!"

Na fisi nao kwao walikuwa na kitu chao. Walikuwa na kichuguu kikubwa kilichojaa siafu, kimezibwa kwa jiwe. Siafu nao ni hao hao. Wakitoka hawaulizi jina la mtu.

Basi pakawa na desturi. Kila mwaka, masika yakiisha, ilikuwapo Siku ya Kusikiliza. Mkuu wa fisi anavuka mto peke yake, anapanda mwamba, anaweka sikio kwenye mzinga. Vuuuuu! Anatikisa kichwa, anashuka. Kisha Mtemi wa bonde anavuka, anaweka sikio kwenye kichuguu. Chwa-chwa-chwa-chwa! Anatikisa kichwa, anarudi. Halafu wanaketi pale kivukoni, wanakula pamoja, wanaulizana habari za wake na watoto, kila mtu anarudi kwake. Mwaka umepita. Hakuna aliyeliwa, hakuna aliyeumwa.

Mlinzi wa mizinga alikuwa Bi Pimbi. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Bi Pimbi alikuwa mdogo wa mwili, lakini mdomo! Mdomo wake haukuwa na pazia. Alimsema swala, akamsema Ngiri, akausema na upepo kwa kuchelewa kuvuma. Nyumba yake ilikuwa katika nyufa za mwamba ule ule, juu ya kivuko. Humo alikuwa na watoto, wengi, wanene, wenye masikio ya mviringo. Fisi wakivuka, mlango wa kwanza ni wa kwake. Na fisi hapigi hodi.

Mizinga ilikuwa na miiko yake. Mzinga ukioza, unachongwa mpya. Maua yaliyo jirani na mizinga hayakatwi. Jua likiwa kali, nyuki wanapelekewa maji kwenye kifuu. Na mwiko mkubwa kuliko yote: asali ya mizinga ya ulinzi hailiwi. Hailambwi. Hainuswi hata kwa mbali.

Wee Baba Shomari, nakuona unameza mate. Vumilia.

Ikapita miaka. Amani ikakaa, ikazoeleka, ikasahaulika kuwa ni kitu. Siku moja Ngiri akashikwa na kikohozi. Koh! Koh! Akasema, "Bi Pimbi, kijiko kimoja tu cha asali. Ni dawa." Bi Pimbi akafikiri, akaona, mtemi akifa kwa kikohozi itakuwa aibu. Akatoa kijiko.

Halafu Bi Pimbi mwenyewe akawa anaoza binti. Ndiyo, Bi Pimbi huyo huyo. Harusi bila kitu kitamu itasemwaje? Akachota bakuli. Akajiambia, hii ni mara moja tu.

Mchovya asali hachovyi mara moja. Ikaja harusi ya digidigi, wakachota. Ukaja msiba wa swala, wakachota. Ikaja siku ambayo hapakuwa na harusi wala msiba, wakachota kwa kuwa hapakuwa na kitu. Mzinga ukioza wakasema, "Tutachonga mwakani." Mwakani ikija wakasema, "Si unaona hata fisi siku hizi ni wapole?" Hakuna aliyejiuliza upole wa fisi unatoka wapi.

Nyuki wakaanza kuhama. Kundi hili leo, kundi lile kesho. Vuuu, hao, wamekwenda.

Kisha Ngiri akazindukana. Akasema, "Mizinga yetu imechakaa. Yatupasa kuifanya ya kisasa!" Bi Pimbi akafurahi. Akasema moyoni, leo Mtemi ameona.

"Mwiteni Kanga!" akasema Ngiri.

Kanga alikuwa fundi wa mapambo. Kila kitu kwake kilikosa doa. Akaja na udongo mwekundu, akaja na chokaa, akaja na magamba ya konokono. Akaipaka mizinga, akaipiga madoa, akaitundika magamba. Ikapendeza, jamani. Ikang'aa kama bibi harusi. Ngiri akasimama mbali, akasimama karibu, akasema, "Huu ndio usasa!" Ndani ya magogo kuoza kulikuwa kule kule. Nyuki wa mwisho waliobaki wakanusa rangi, wakaambiana, "Hapa si kwetu tena." Wakaondoka.

Mzinga waimbaje?

Vuuuuu!

Hapana! Mmedanganywa na rangi. Mzinga uko kimya. Ngo, ngo. Mtupu.

Bi Pimbi aligundua asubuhi moja alipokuwa akifagia mwambani. Akaweka sikio kwenye mzinga wa kwanza. Kimya. Wa pili. Kimya. Wa tatu, buibui akatoka akamwamkia. Na masika yalikuwa yanaishia ishia. Siku ya Kusikiliza iko mlangoni. Bi Pimbi akawatazama watoto wake wakiota jua juu ya mwamba, wanene wale, masikio ya mviringo, na ng'ambo ya mto akasikia, Hi-hi-hiii! Akaogopa, tena akajichukia, maana ile ladha ya harusi ilikuwa bado anaikumbuka.

Akashuka mbio hadi kwa Ngiri.

"Mtemi, mizinga mitupu!"

"Punguza sauti."

"Nipunguze sauti, nyuki nao wamepunguza sauti, nani atawaogopesha fisi?"

Ngiri akatazama kulia, akatazama kushoto. Akasema, "Bi Pimbi, funika kombe mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu huyu hapiti, Mtemi. Anakuja kuweka sikio!"

Hapo Kanga akajitokeza, akajipanguza mabawa. "Mbona ni jambo dogo? Nitaingia mimi ndani ya mzinga. Bwana Fisi akiweka sikio nitavuma. Mimi nina sauti, sikilizeni. Vuuuu-kree! Samahani. Vuuuuu!"

Ngiri akapiga kwato kwa furaha. "Umeona, Bi Pimbi? Mambo yamekwisha!"

"Njia ya mwongo ni fupi, Mtemi."

"Yetu nayo ni fupi. Kutoka kivukoni hadi mwambani. Inatosha."

Bi Pimbi akaona hapa hana mtu. Akageuka, akaondoka, akenda kwa Kigogota. Kigogota ndiye fundi wa kuchonga, mdomo wake mgumu, maneno yake machache. Alikuwa amekaa kwenye tawi amenuna.

"Fundi, nichongee mzinga."

"Mwakani."

"Fundi!"

"Si ndivyo mnavyosema? Kila nikija na mdomo wangu mkali, mwakani. Leo na mimi nakujibu mwakani."

"Una haki. Nitukane kwanza, halafu uchonge."

Kigogota akamtukana, kidogo, kwa heshima. Kisha akauliza, "Uwe kama ile ya zamani?"

"Hapana. Ile ya zamani ilivuja, na jua likiwaka ilipasuka. Uchonge wa mti mgumu. Tundu la kuingilia nyuki liwe dogo. Na kizibo, fundi, kizibo kikaze. Mtoto asiking'oe kwa mchezo, wala mtemi kwa hasira."

Kigogota akacheka, mara ya kwanza mwaka ule. Akapanda kwenye gogo la mninga. Ngo-ngo-ngo! Ngo-ngo-ngo! Vibanzi vikaruka, vumbi likaruka. Ngo-ngo-ngo! Ukatoka mzinga mmoja, mfupi, wa kahawia, hauna doa wala pambo.

Bi Pimbi akaupaka nta ndani, kama bibi yake alivyofanya. Kisha akaenda kwa nyuki, katika ufa wa mlima wa mbali walikohamia. Akasimama mbele ya ufa.

"Hodi, Malkia."

"Hodi ya mwizi au hodi ya mgeni?" akajibu Malkia wa nyuki.

"Ya mwizi, Malkia. Nimekuja kusema hivyo hivyo. Asali yenu nimechota kwa mkono huu. Nilisema mara moja, haikuwa mara moja."

Halafu Malkia akasema, "Wewe una mdomo, lakini leo umeutumia vizuri. Unataka nini?"

"Rudini. Mkikosekana, watoto wangu wataliwa."

"Nitakupa kundi moja. Moja tu. Asali haiguswi, rangi hatutaki, na maji tuletewe. Na usisahau maneno ya wazee wako. Tukitoka, hatutamjua mwenyeji wala mgeni. Hatutakujua hata wewe."

"Najua, Malkia. Ndiyo maana sitaki mtoke."

Basi lile kundi likaja. Wingu dogo jeusi juu ya miti. Likauzunguka mzinga wa mninga, likashuka, likaingia. Haya, mzinga waimbaje?

Vuuuuu!

Sasa ndiyo!

Ngiri alipouona mzinga ule akakunja uso. "Mbaya huu. Unatuharibia safu. Usogezeni nyuma kule." Wakausogeza nyuma ya ile iliyopakwa rangi. Kanga akaingia ndani ya mzinga wa mbele, akajibana, wakamfungia. Na Bi Pimbi, kwa kuwa hakuwa na imani na kwato za Ngiri, akawaingiza watoto wake ndani kabisa ya nyufa, akaziba kwa udongo, akawaachia kitundu cha kupumulia.

Ikafika Siku ya Kusikiliza.

Fisi Mkuu akavuka. Chubwi, chubwi, chubwi. Maji ya magotini. Nyuma yake, ng'ambo, fisi wengine walikuwa wameketi wamejipanga. Walikuwa wengi kuliko kila mwaka. Bi Pimbi akaliona hilo, akasogea karibu na mzinga wa mninga.

"Karibu, jirani," akasema Ngiri. "Tazama mizinga yetu ya kisasa."

"Naona. Rangi nzuri." Fisi akapanda mwamba. Akazunguka. Akanusa. Akaweka sikio kwenye mzinga wa mbele.

"Vuuuuu," akavuma Kanga.

Fisi akatikisa kichwa. Ngiri akapumua.

"Vuuuuu. Vuuuu... vu... vu..." Ndani kulikuwa na vumbi la gogo bovu. Vumbi likamwingia Kanga puani. Akajizuia. Akajizuia tena. "Vu... vu... CHYAA!"

Fisi akatoa sikio. "Nyuki wenu wana mafua?"

"Ni... ni baridi ya masika," akasema Ngiri.

"CHYAA! Kree-kree-kree!"

Kifuniko kikaruka, na unyoya ukatoka ukipepea, ukatua puani mwa Fisi. Unyoya mweusi wenye madoa meupe. Fisi akautazama. Akasema polepole, "Na siku hizi nyuki wenu wana madoadoa?"

Akapiga teke mzinga wa pili. Ngo! Mtupu. Wa tatu. Ngo! Mtupu, ukapasuka vipande viwili. Fisi akageuka kuelekea mto, akacheka kile kicheko. Hi-hi-hiii! Akaita, "Jamani! Hakuna kitu huku! Vukeni!"

Fisi wote wakasimama. Wakatia miguu majini. Chubwi, chubwi, chubwi.

Swala wakatetemeka. Digidigi wakalia. Kanga alikuwa kichwa nje, mwili ndani, amekwama. Ngiri akasahau utemi wake wote, akabaki akitafuta shimo kwa macho.

Bi Pimbi akaruka mbele, akasimama juu ya mzinga wa mninga. Mdogo yule, mbele ya fisi.

"Bwana Fisi! Umesikiliza wa mbele. Desturi inasema ukisikiliza, usikilize yote."

"Nimeshiba nyimbo za ndege, Bi Pimbi. Nina njaa ya kitu kingine. Watoto hawajambo?"

Bi Pimbi alisikia damu ikimpanda hadi masikioni. Kizibo kilikuwa chini ya mguu wake. Lakini aliwafikiria watoto nyuma ya udongo ule mwembamba, akawafikiria na wale digidigi, akajizuia. Akashuka. Akasema kwa sauti ya chini, yeye ambaye hajawahi kusema kwa sauti ya chini tangu azaliwe, "Sikutishi, jirani. Nakuomba. Weka sikio hapa, kabla watu wako hawajafika ukingoni. Ukitaka kucheka baada ya hapo, cheka."

Fisi akamtazama. Ile sauti ya chini ikamtia wasiwasi kuliko kelele. Akainama. Akaweka sikio.

Mzinga waimbaje?

Vuuuuu!

Masikio ya Fisi yakalala. Mkia ukaingia katikati ya miguu. Akageukia mto akapaza sauti, "Simameni! Simameni hapo hapo! Rudini nyuma!"

Fisi wote wakasimama katikati ya mto, mguu mmoja juu.

Hapo, wasikilizaji wangu, hadithi ingeishia vizuri sana. Fisi angeshuka, chakula kingeliwa kivukoni, nasi tungerudi kwenye mahindi yetu. Lakini palikuwa na Ngiri.

Ngiri alipoona mkia wa Fisi umeingia, ushujaa ukamrudia wote, pamoja na wa ziada. Akatoka mbele, kifua nje. "Ehee! Umeona? Ulidhani hatuna? Ngoja nikuonjeshe!"

"Mtemi, acha," akasema Bi Pimbi.

"Kidogo tu. Nitatoa nyuki wachache, wa kumtia adabu, kisha nitaziba."

"Mtemi, hakuna nyuki kidogo!"

"Usinifundishe kazi!" Ngiri akachomeka jino kwenye kizibo. Akavuta. Kizibo kikakataa, maana Kigogota hakuwa fundi wa mchezo. Akavuta tena. Kikakataa. Akaweka kwato zote, akavimba shingo, akavuta.

Pwaa!

VUUUUUUUU!

Lo! Wa kwanza kuumwa alikuwa Ngiri mwenyewe, usoni, pah! pah! pah! Wa pili Fisi, matakoni. Wa tatu sijui, maana hapo hapakuwa na kuhesabu. Swala wakaumwa. Digidigi wakaumwa. Kanga akarudisha kichwa, akaponea kwa muda ndani ya mzinga wake, kisha nyuki wakaona mlango uko wazi. Kreee! Akatoka kama jiwe la teo. Fisi waliokuwa mtoni wakaumwa. Wote wakakimbilia mahali pamoja, mtoni, na mto wenyewe maji ya magotini! Wakajilaza matopeni. Swala kando ya fisi, fisi kando ya digidigi, pua tu ziko juu. Mwana wa fisi alilia, "Mama weee!" na mwana wa swala alilia, "Mama weee!" na hakuna aliyeweza kusema kilio hiki ni cha nani.

Bi Pimbi naye alikuwa humo, jicho moja limevimba. Alikuwa akitazama nyufa za mwamba kwa lile lililobaki. Udongo ulikuwa umeshika. Akashukuru.

Ngiri na Fisi walijikuta pua kwa pua. Wakakaa hivyo. Nyuki wakizunguka juu. Mwishowe Fisi akanong'ona, "Jirani, maadamu tuko matopeni, nikuambie kitu?"

"Niambie."

"Kile kichuguu ulichosikiliza mwaka jana."

"Kimefanyaje?"

"Hakina siafu. Walihama zamani, paa lilivuja tukasema tutaziba mwakani. Aliyekuwa ndani ni mke wangu, anatafuna majani makavu."

Ngiri akamkodolea macho. Kisha akaanza kucheka. Akacheka, akainua kichwa kwa kicheko, na nyuki mmoja aliyekuwa akingoja akampa la mwisho juu ya pua. Pah!

Lakini Bi Pimbi hakucheka. Akasema, "Jamani. Huo ulikuwa mzinga mmoja."

Akainua mguu mmoja juu ya tope.

"Mmoja, mfupi, kundi moja. Wazee wetu walipanga mwamba mzima. Na wa kwenu walijaza kichuguu. Ingekuwa mizinga yote i hai, na siafu nao wametoka, leo nani angekuwa hapa wa kucheka?"

Hata mtoto wa fisi aliacha kulia.

Jua likashuka, nyuki wakachoka, wakarudi kwa Malkia wao. Wanyama wakatoka matopeni wakichechemea, na kwa kuwa chakula cha Siku ya Kusikiliza kilikuwa tayari kivukoni, wakala. Midomo imevimba, lakini wakala. Hapo hapo wakasemezana.

Ngiri akasema, "Kichuguu chao kitupu, na sisi tunajua. Kibaki kitupu, si ndiyo raha yetu?"

Bi Pimbi akamgeukia, mdomo umemrudia. "Mtemi, uso wako haujakufundisha? Fisi anayejua kwamba tunajua yuko mtupu, hatalala. Na fisi asiyelala yuko ng'ambo ya maji ya magotini. Mwache azibe paa lake. Sisi tuchonge mizinga yetu. Isiwe mwamba mzima, iwe ya kutosha. Na kabla ya kusikilizana, kila mwaka tuketi kwanza tuongee, maana leo nimejua mambo mengi matopeni kuliko niliyoyajua juu ya mwamba."

Ikawa hivyo. Kigogota akachonga, ngo-ngo-ngo, na hakuna aliyesema mwakani. Kila mzinga akautia vizibo viwili. Kimoja haking'oki bila Bi Pimbi, kingine haking'oki bila Kigogota, na Ngiri akapigwa marufuku kusogea. Bi Pimbi alirudi kwa Malkia kuomba tena, na Malkia alimsema tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mwishowe nyuki wakarudi. Kanga akaambiwa apake rangi nyumba yake. Na asali? Hakuna aliyelamba. Walioana kwa matunda, wakazikana kwa uji.

Siku ya Kusikiliza ilipofika tena, Fisi akaweka sikio, vuuuuu, akatikisa kichwa. Ngiri akavuka, akaweka sikio, chwa-chwa-chwa, na safari hii siafu mmoja alimchungulia. Akatikisa kichwa haraka.

Ndiyo maana hadi leo ngiri ana manundu usoni. Ule uvimbe haukushuka. Na akikimbia huinua mkia juu wima, maana yake, "Mimi sijagusa kitu!" Ndiyo maana fisi hutembea matako chini. Na ndiyo maana ukipita penye miamba utamwona pimbi amekaa kimya, hafanyi kitu, na watu husema ni mvivu. Si mvivu. Anasikiliza.

Sasa shikeni fundisho, lisiwatoke. Ulinzi usiotunzwa humwita adui. Ulinzi wa kupakwa rangi humdanganya mwenyewe kabla ya jirani. Na ulinzi unaochezewa huwauma wote. Basi utunzeni, msiuguse, na muongee na jirani yenu kabla hamjakutana matopeni.

Mzinga waimbaje?

Vuuuuu!

Uacheni uimbe. Mimi hadithi yangu imekomea hapo kivukoni. Anayeitaka aibebe, anayeiona nzito aitue. Rudini kwenye mahindi. Na wewe Baba Shomari, huo muwa nimeuona, tena ulikuwa wa mgeni.